Waliopooza na Hukumu ya Kale

Katika hati ya Misri ya kale, iliyoandikwa yapata mwaka 1600 kabla ya Masihi, tabibu aliyeletewa mtu aliyeteguka shingo, asiyeihisi mikono wala miguu yake, alifunzwa kutamka kwamba maradhi hayo si ya kutibiwa; na hukumu hiyo ikadumu karne baada ya karne, hata mwaka 1944 Ludwig Guttmann, tabibu Myahudi aliyeikimbia Ujerumani, alipofungua wodi ya walioumia uti wa mgongo huko Stoke Mandeville, Uingereza, akaamuru wagonjwa wageuzwe kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, ili vidonda vya kulalia visiwaue. Mwaka 1995 Christopher Reeve, mwigizaji mashuhuri wa Marekani, alianguka kutoka juu ya farasi akapooza, na hadi alipofariki mwaka 2004 hakuchoka kudai fedha za utafiti. Tiba ya kuziunga neva za uti wa mgongo zilizokatika haijapatikana bado. Lakini kumtelekeza mgonjwa kwa hoja hiyo ni dhuluma isiyo na udhuru.