Uungaji wa taa za trela

Uungaji wa taa za trela ni kazi ya kuunganisha taa za nyuma, breki na indiketa za trela na umeme wa gari linaloivuta. Katika soketi ya kawaida ya pini 7, volti 12, waya wa njano ni indiketa ya kushoto, kijani ya kulia, mwekundu breki, mweupe hasi. Kompyuta ya gari la kisasa hupima mkondo wa taa; trela ikiungwa moja kwa moja, kompyuta hiyo inaweza kuzima taa hizo. Kisanduku cha rilei, kinacholishwa na betri kupitia fyuzi, huondoa tatizo hilo. Taa zikififia, hasi iliyoshika kutu ndiyo ya kukaguliwa kwanza.