Said Mwema na Miaka ya Polisi Jamii

Jeshi la Polisi la Tanganyika lilitangazwa rasmi Agosti 1919, Waingereza walipokwisha kuitwaa nchi kutoka kwa Wajerumani, na makao makuu yake ya mwanzo yalikuwa Lushoto. Askari wa enzi zile alilinda utawala. Mwananchi alikuwa mtu wa kuchungwa. Baada ya Uhuru wa 1961, Elangwa Shaidi akawa Mwafrika wa kwanza kuliongoza. Viongozi wakabadilika, lakini hofu ya raia kukanyaga kituoni ikabaki.

Said Mwema aliikuta hofu hiyo Machi 2006, Rais Jakaya Kikwete alipomteua kuwa Inspekta Jenerali. Alikuwa ametumikia Interpol jijini Nairobi, na nyumbani ujambazi wa kutumia silaha ulikuwa umewakosesha watu usingizi. Alisimamia maboresho yenye nguzo tatu: weledi, usasa na Polisi Jamii. Hii ya tatu ndiyo iliyobeba jina lake. Wanyamwezi na Wasukuma walikwisha kuonyesha njia miaka ya 1980, pale vikundi vyao vya ulinzi, sungusungu, vilipowakabili wezi wa mifugo: mhalifu anaishi na watu, na watu wanamjua. Mwema alitaka wanaomjua wawe na askari wa kumwambia bila woga. Ulinzi shirikishi ukaenea mitaani, askari wakapangiwa kata, na kauli ya “utii wa sheria bila shuruti” ikawa midomoni mwa wengi.

Badiliko kubwa zaidi lilionekana kaunta. Zamani mwanamke aliyebakwa alijieleza hapo, huku nyuma yake wamejipanga waliokuja kuripoti simu zilizoibwa, ndipo apewe fomu ya polisi, PF3, aende hospitali. Mwaka 2007 ulianzishwa Mtandao wa Polisi Wanawake, kisha madawati ya jinsia na watoto yakaanza kufunguliwa vituoni. Sasa mlalamikaji aliweza kupelekwa pembeni, akasikilizwa na askari aliyefunzwa kazi hiyo. Mtoto aliyekuwa akinyamazishwa nyumbani akapata pa kusemea.

Heshima ya kweli haifichi majeraha. Septemba 2012 mwandishi wa habari Daudi Mwangosi aliuawa mkoani Iringa wakati polisi wakitawanya watu, na mwaka 2016 mahakama ilimtia hatiani askari mmoja kwa kifo hicho. Msiba ule ulionyesha umbali uliokuwa umebaki kati ya kauli ya mkuu na mkono wa askari aliye barabarani.

Mwema alistaafu mwishoni mwa 2013 na kumwachia kijiti Ernest Mangu. Polisi kata na madawati ya jinsia vimeendelea chini ya waliomfuata, na hicho ndicho kipimo cha haki cha utumishi wake. Tunamshukuru kwa kuamini kwamba raia ni mshirika wa ulinzi. Kila anayevaa sare leo anadaiwa kuiishi imani hiyo, hasa pale raia anapomkosoa.