Sauti za Pori na Raha ya Moyo katika Historia ya Lubumbashi

Miji mingi ya dunia ilipewa majina ya wafalme na wakubwa. Mji wetu nao ulianza hivyo: mwaka 1910 uliitwa Elisabethville, kwa heshima ya Malkia Elisabeth wa Ubelgiji. Lakini tangu mwaka 1966 unaitwa Lubumbashi, na hilo ni jina la mto. Mto huo hupita kando ya mji, huingia katika Kafubu, na Kafubu hupeleka maji yake Luapula. Twaishi basi chini ya jina la maji yaendayo. Hata hivyo, ukimwuliza kijana wa Kenya au wa Katuba sauti ya mto huo ikoje, pengine atakosa jibu.

Jambo tunalotaka kulichungua ni hili. Sauti za viumbe vya Mungu, yaani maji, upepo, ndege na wadudu, humfanyia nini mwanadamu katika mwili na roho? Na sisi watu wa mji huu tumezitendea nini sauti hizo tangu miaka zaidi ya mia?

Kabla reli haijafika, nchi hii ilikuwa ya Walamba na Wasanga na jirani zao. Ilifunikwa na miombo, ule msitu usiosongamana sana, upitishao jua na upepo. Mvua hunyesha tangu Oktoba au Novemba hata Machi au Aprili. Miezi mingine ni mikavu. Watu wa zamani walijua majira kwa masikio. Nyenje walipolia kwa nguvu katika joto, watu walijua mvua haiko mbali. Vyura walipoanza kuimba bondeni, walijua maji yamejaa. Yuko hata ndege mdogo ambaye humwita mtu kwa sauti yake na kumwongoza mpaka kwenye mzinga wa nyuki. Jambo hili si hadithi ya watoto. Mwaka 2016 wataalamu walitoa habari zake kutoka Niassa, Msumbiji, katika msitu wa namna moja na wetu. Warina asali walipomwita ndege huyo kwa mlio wao wa desturi, mara 54 katika 100 walifika kwenye nyuki. Walipotoa sauti nyingine, walifika mara 17 tu. Basi kwa wazee wetu pori halikuwa kimya wala halikuwa na kelele. Lilikuwa likisema, nao walielewa.

Tusidhani lakini kwamba watu wale hawakujua mshindo wa kazi. Katanga ilikuwa na wafua shaba tangu karne nyingi. Mivukuto ilivuma, nyundo ziligonga. Ila kazi hiyo ilifanywa wakati wa kiangazi, mavuno yakiisha kuwekwa ghalani. Mvua ziliporudi, watu walishika tena majembe, na tanuru zilinyamaza. Kelele ilikuwa na majira yake, kama vile mahindi yana majira yake. Tulishike neno hili, kwa maana ndilo lililogeuka baadaye.

Union Minière ya Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Mwaka 1910 reli ilifika kutoka kusini, na mwaka 1911 tanuru kubwa kando ya mto Lubumbashi ilianza kuyeyusha mawe ya shaba yaliyotoka katika mgodi wa Étoile. Tanuru hiyo haikujua masika wala kiangazi, mchana wala usiku. King'ora kiliwaamsha watu, kikawapeleka kazini, kikawarudisha nyumbani. Wanaume waliotoka mbali, kutoka Rhodesia ya Kaskazini, Lomami na Ruanda-Urundi, walilala katika nyumba zilizopangwa mistari mistari. Wengi wao kwao walizoea kuamshwa na jogoo na njiwa. Sasa saa yao ilikuwa mali ya kampani.

Tena moshi wa tanuru ulikuwa na kiberiti. Upepo wa nchi hii mara nyingi hutoka kusini-mashariki, ukausukuma moshi huo upande wa kaskazini-magharibi, na huko miti ilikauka, udongo ukabaki wazi. Na mti ukikauka, ndege atajenga wapi? Hivyo watu wa upande ule walipoteza mambo mawili pamoja, kivuli na wimbo. Dohani ile ndefu, yenye kupita mita 150, na kilima cheusi cha takataka za shaba, ndivyo vilivyokuwa alama ya mji wetu.

Iko sauti moja ya mwaka 1941 ambayo hatuna ruhusa ya kuisahau. Tarehe 9 Desemba wafanyakazi wa Union Minière waliogoma kwa ajili ya mishahara walikusanyika katika uwanja wa mpira, na askari wakawapiga risasi. Watu wengi walikufa. Tunaitaja hapa kwa sababu masikio ya mtu yana kumbukumbu ndefu. Aliyesikia bunduki siku ile, hata mlango ukifungwa kwa nguvu moyo wake waweza kuruka.

Mwaka huo huo wa 1910, Kanisa nalo lilileta desturi yake ya kusikia. Wabenediktini kutoka abasia ya Saint-André karibu na Bruges walikuja Katanga wakiongozwa na Dom Jean-Félix de Hemptinne, aliyekuja kuwa askofu wetu. Wasalesiani wa Don Bosco waliwafuata mwaka 1911. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto ina sura nzima juu ya kunyamaza, kwa maana asiyenyamaza hawezi kusikiliza. Na Maandiko Matakatifu hutufundisha vivyo hivyo. Mfalme Sauli alipofadhaika, kinubi cha Daudi kilimtuliza. Nabii Eliya alipochoka hata akaomba kufa, Mungu hakumkemea. Alimlaza chini ya mti, akamlisha, kisha mlimani akamjia katika mvumo mwororo baada ya dhoruba, tetemeko na moto. Na Mtakatifu Fransisko wa Asizi, karibu mwaka 1225, akiwa mgonjwa na macho yake yakififia, alitunga wimbo wa kumsifu Mungu kwa ajili ya upepo na maji. Mtu aliyekuwa akipoteza kuona aliendelea kufurahi kwa kusikia.

Mtu mwingine atasema: Haya ni mambo ya ibada tu. Basi tuwasikilize waganga na wataalamu wa siku zetu. Mwaka 1984 Roger Ulrich alichapisha habari za wagonjwa waliopasuliwa katika hospitali moja ya Pennsylvania, Marekani. Wale ambao dirisha lao lilitazama miti walitoka hospitalini mapema kidogo kuliko wale waliotazama ukuta, nao walihitaji dawa kali za maumivu kwa uchache. Hiyo ilikuwa habari ya macho. Mwaka 2010 wataalamu wa Stockholm walijaribu masikio. Watu 40 walipewa hesabu ngumu mpaka wakafadhaika, kisha wakasikilizishwa ama maji na ndege, ama kelele ya magari. Jasho la ngozi, ambalo ni dalili ya wasiwasi, lilionyesha kwamba waliosikia maji na ndege walielekea kutulia upesi zaidi. Vipimo vya moyo havikuonyesha tofauti hiyo, nasi tunasema hivyo wazi, ili mtu asigeuze sauti ya maji kuwa dawa ya kuuza sokoni. Mwaka 2021 wengine walikusanya uchunguzi 18 wa nchi mbalimbali, wakaona kwamba sauti za maji zilizidi kuleta furaha na afya, na sauti za ndege zilizidi kupunguza wasiwasi.

Sababu yake ni nini? Mwili wetu una mishipa ya fahamu ya namna mbili: mingine hutuandaa kukimbia au kupigana, mingine hutupumzisha na kusaidia chakula kusagika. Kelele ya ghafula huamsha ile ya kwanza. Maji yatiririkayo hayana ghafula. Huenda sawasawa, tena hufunika milio mingine mikali. Na ndege waimbapo, huenda mwanadamu tangu zamani hutambua kwamba hakuna mnyama mkali karibu. Kila mwindaji anajua kwamba pori likinyamaza mara moja, ni lazima kuangalia.

Lakini tusiseme kupita kiasi. Bundi ni ndege, walakini katika makabila yetu mengi akilia juu ya nyumba watu hawalali. Mvua juu ya bati ni usingizi mtamu kwa mwenye nyumba imara. Kwa mjane ambaye ukuta wake wa udongo unabomoka, mvua hiyo hiyo ni hofu. Sauti hutuliza pale ambapo maana yake ni usalama.

Mji wetu wenyewe ulijifunza jambo hili kwa uchungu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kazi za Gécamines, iliyorithi Union Minière, zilianguka, na tanuru kubwa ikazimika. Miaka ya 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliachishwa kwa mpango ulioitwa wa hiari. Watu waliokuwa wamelalamika kelele za kiwanda miaka yote waliusikia ukimya huo kama ukimya wa msiba. Haukuwa na amani, kwa kuwa sufuria nazo zilinyamaza. Kwa hiyo anayetuhubiria raha ya sauti za pori bila kuuliza kama watu wamekula, anahubiri nusu ya habari.

Na siku hizi je? Umeme unakatika, na jenereta zinanguruma madukani na nyumbani. Muziki wa mabaa hukesha. Wala tusiyafiche ya kwetu: makanisa yenye vipaza sauti vikubwa hukesha pia, na jirani mwenye homa hakuulizwa. Wakati huo huo msitu unarudi nyuma mwaka kwa mwaka, kwa sababu jiko la mji huu hula makala, na makala ni miombo iliyochomwa. Mkata makala anatafuta ada ya shule ya watoto wake, hatumhukumu. Lakini hesabu ni wazi: kila gunia linaloingia mjini limeondoa mti, na mti umeondoka na ndege wake.

Tufanye nini? Mambo manne yako ndani ya uwezo wetu. Kila parokia ipande miti ya nchi hii katika uwanja wake, maana ndege hawaombi fedha, huja wenyewe. Ukingo wa mto Lubumbashi usifanywe jalala. Vipaza sauti vya ibada viwatoshe waliomo ndani, kwani Mungu si kiziwi. Na mgonjwa wetu, hospitalini au nyumbani, alazwe karibu na dirisha lenye mti, kama liko. Hilo halina bei.

Nasi makatekista tuongeze la tano. Papa Fransisko katika barua yake Laudato Si' ya mwaka 2015 alihesabu kelele za miji kati ya mambo yanayowaumiza watu. Basi kabla ya mafundisho ya asubuhi, tuwaambie watoto wanyamaze kwa dakika mbili, kisha kila mmoja aseme amesikia nini. Atakayesema amesikia gari, amesema kweli. Atakayesema amesikia tetere, tumwulize alikuwa juu ya mti gani, na mti huo tuulinde.