Mgeni Kabla ya Maiti

Mgeni akifika jioni kwenye kijiji cha Kasongo au Kabambare, huku Maniema, Kongo, anapewa kiti na maji ya kunywa. Akishatulia, mzee wa nyumba anamuuliza: "We ni mutoto ya nani?" Jibu lake ndilo linaloamua atalala wapi. Naamini kabisa kwamba hadithi fupi ya fumbo ya huku kwetu inapaswa kuanzia kwenye swali hilo.

Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, alilijua swali hilo vizuri. Maisha yake, aliyoyasimulia kwa Kiswahili na kuchapishwa Berlin mwaka 1902 na 1903, yanaanza bila mbwembwe: ana miaka 12, anasafiri safari za karibu kuuza sandarusi. Fumbo lenyewe linakuja mbele. Kabla ya kuingia nchi ya Utetera, alisikia habari za dada wawili wa mtemi Kasongo Rushie waliotekwa zamani wasirudi. Alipofika akadai kwamba mmoja wao ndiye nyanya yake. Mtemi alimpokea kama damu yake, akamwachia utawala. Baadaye ndipo Tippu Tip akaja kukaa Kasongo, na Kiswahili chake kikabaki huku.

Hebu tutazame namna kisa hicho kilivyopangwa. Msomaji anausikia mkasa wa dada wale kabla mtemi hajaambiwa lolote, kwa hiyo hasomi ili ajue mgeni ni nani. Anasoma roho ikiwa juu: je, ataaminiwa? Mwaka 1912 Mwingereza R. Austin Freeman alitoa *The Singing Bone*, chenye hadithi zinazoonyesha kwanza uhalifu ulivyotendeka, halafu mpelelezi anavyoufuatilia. Uingereza waliuona kuwa mtindo mpya. Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe za ndovu, alikuwa amekwisha kuutumia, naye hakuwa anatunga hadithi.

Wengine wa Ulaya na Marekani walifungua mlango kwa njia nyingine. Edgar Allan Poe, mwaka 1841, aliianza "The Murders in the Rue Morgue" kwa maelezo marefu kuhusu akili inayochambua mambo, na mauaji yakangoja. Ni mwanzo mzito, na barazani kwetu wasikilizaji wangeondoka. Arthur Conan Doyle alikuwa karibu nasi zaidi. Katika "The Speckled Band", ya mwaka 1892, mwanamke anafika asubuhi na mapema akitetemeka kwa hofu. Kabla hajaeleza shida yake, Sherlock Holmes ameona matope mabichi kwenye mkono wa kushoto wa koti lake, akajua alivyosafiri. Mgeni, kiti, safari: hata mzee wa Kabambare angeanzia hapo hapo.

Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alimpa mpelelezi wake Bwana Msa kiko cha Holmes, na rafiki yake Najum akawa Watson wake. Lakini *Mzimu wa Watu wa Kale*, riwaya iliyotoka 1960, inatutia hofu tangu jina lake: msomaji wa pwani anajua mahali pa mzimu hapachezewi. Hilo Doyle asingeweza kumpa Abdulla.

Vijana wa huku wanaoandika nawaona wakikimbilia maiti katika sentensi ya kwanza. Naelewa. Lakini kwa watu waliopita vitani, watu wa barabara ya Salamabila na machimbo ya dhahabu, maiti peke yake si fumbo. Ni msiba, na msiba una heshima yake. Kinachotukosesha usingizi ni mtu asiyejulikana kwao.

Ningeanza hivi. Alfajiri, baiskeli imeegemezwa kwenye ukuta wa nyumba ya mjane. Matope ya mto Luama hayajakauka kwenye magurudumu. Nyuma kumefungwa gunia la mchele kwa mpira mweusi, fundo la mkono wa kushoto. Mjane hana baiskeli. Ndani kuna mtu anakohoa, na mtoto anatoka mbio kumwita mzee: "Babu, kuna mugeni. Anasema ye ni ndugu ya baba."

Baba yake mtoto hakuwa na ndugu.