Shahada Iliyopanda Meli

Mwaka 1865, Mfereji wa Suez ukiwa bado unachimbwa, karatasi za mtihani wa Chuo Kikuu cha London zilisafiri hadi kisiwa cha Mauritius. Waliozifanya hawakuhitaji kukanyaga Uingereza. Majibu yao yalirudi London kwa bahari, wakakaa kungoja.

Kijana anayesaka shahada ya ng'ambo kwenye simu yake, akiwa ndani ya daladala, hudhani jambo hili limezaliwa na intaneti. Ukweli ni kwamba London ilifungua mitihani yake mwaka 1858 kwa watu wasiosoma katika vyuo vyake. Nafuu ilitokana na jambo moja: chuo hakikuwafundisha, kiliwatahini tu. Mtu hakulipia nauli wala bweni, lakini vitabu na mwalimu alijitafutia mwenyewe. Aliyeshindwa kuvipata alibaki na haki ya kufanya mtihani asioweza kuufaulu.

Afrika Kusini ilikwenda mbali zaidi. Chuo cha UNISA kilianza mwaka 1946 kufundisha kwa posta. Mwanafunzi wake anayejulikana kuliko wote ni Nelson Mandela, ambaye alisomea pia shahada ya sheria ya London akiwa mfungwa wa Robben Island. Shahada ya sheria aliipata UNISA mwaka 1989, akiwa bado kifungoni. Huko gerezani kusoma kulihesabiwa kuwa fadhila, na wakubwa wa gereza waliweza kuiondoa wakitaka. Umbali wa kijiografia ulikuwa tatizo dogo.

Waingereza walianzisha Open University mwaka 1969, na mwaka 1971 ilipopokea wanafunzi wa kwanza, zaidi ya 20,000, haikumdai mtu vyeti vya kuingilia. Masomo mengine yalirushwa na BBC. Tanzania ilitunga sheria ya chuo chake mwaka 1992, kikaitwa Chuo Kikuu Huria. Jina zuri, ila lilihitaji maelezo: huria si bure.

Mwaka 1997 Benki ya Dunia ikaleta Chuo Kikuu Pepe cha Afrika. Mihadhara ya maprofesa wa Marekani na Ulaya ilirushwa kwa setilaiti hadi madarasa ya vyuo vya Afrika, Chuo Kikuu cha Kenyatta kikiwemo. Mwanafunzi alimwona mwalimu kwenye skrini, naye mwalimu hakumwona. Wazo lilikuwa zuri, lakini setilaiti ilikuwa ghali, na bado ilikulazimu kufika kwenye darasa lenye kifaa.

Kwa maoni yangu, kilichobadilisha mambo huku kwetu ni waya kuliko chuo chochote. Julai 2009 mkongo wa intaneti wa chini ya bahari wa SEACOM ulianza kazi, ukiwa umetia nanga Mombasa na Dar es Salaam. Mwaka huohuo ukaja wa TEAMS kutoka Fujairah, Falme za Kiarabu, kisha EASSy mwaka 2010. Mwanafunzi akaacha kulifuata darasa, darasa likaanza kumfuata, mradi awe na bando.

Mwaka huohuo wa 2009, mjasiriamali Shai Reshef alianzisha University of the People, chuo cha mtandaoni kilichotangaza kwamba hakitozi ada ya masomo. Hapa tusimame kidogo tupige hesabu. Shahada ya kwanza ilikuwa na kozi 40, na kila kozi ilikuwa na malipo ya mtihani, ambayo wakati mmoja yalikuwa dola 100. Jumla dola 4,000, kabla ya ada ya maombi. Kiwango hicho kimepanda tangu hapo. Ukilinganisha na kupanga chumba Boston ni kidogo sana. Ukilinganisha na mshahara wa mwalimu wa shule ya msingi, neno "bure" linaanza kuona haya. Chuo hicho kilipata ithibati ya Marekani mwaka 2014, yaani miaka mitano baada ya kuanza.

Mfano unaonivutia zaidi uko Rwanda. Shirika la Kepler lilianza Kigali mwaka 2013, wanafunzi wakisomea shahada ya Southern New Hampshire University ya Marekani, na mwaka 2015 likaingia kambi ya Kiziba, inayohifadhi wakimbizi wa Kongo. Shahada ilikuwa ya mtandaoni, ila wanafunzi waliketi pamoja darasani na walezi wa masomo wa kuwasaidia. Waliona kwamba kumpa mtu kompyuta na kumwacha peke yake hakutoshi.

Kabla hujatuma hata senti, uliza kwanza tume ya vyuo vikuu, yaani TCU kama uko Tanzania, au CUE kama uko Kenya, iwapo shahada hiyo itatambuliwa. Kisha mwulize anayekuuzia: jumla yake ni shilingi ngapi, hadi mtihani wa mwisho?