Msumeno wa Pembe na Nyumba ya Kukaa

Nyumba yangu hapa Nyangoto niliijenga mwaka 1983, bati lilipokuwa adimu kama sukari. Ni ya tofali za kuchoma, na paa lake lina pande nne. Mwaka jana niligundua kwamba mchwa wamekula fisha bodi upande wa mashariki, na fremu za milango miwili zimelegea. Mjukuu wangu akasema, "Babu, safari hii tununue mashine." Akanionyesha kwenye simu msumeno wa umeme wa kukata pembe, ambao kichwa chake huzunguka, hulala upande, tena huteleza mbele na nyuma juu ya reli. Bei yake ilinifanya nivue miwani.

Wazee wetu hawakuhitaji chombo cha kukata pembe. Nyumba ya Mkurya ilikuwa ya mviringo: miti ilichimbiwa ardhini, ikafungwa fito, ikakandikwa udongo na samadi, kisha paa likaezekwa nyasi. Miti ya paa ilikutana kileleni ikafungwa kwa kamba. Hapakuwa na mahali ambapo ubao ulilazimika kukatwa nyuzi 45 ili ukutane na mwenzake. Shoka na panga vilitosha, na kosa la vidole viwili lilifunikwa na nyasi. Asidhani mtu kwamba huko ni kutojua hesabu. Nimefundisha duara miaka mingi, na sijaona chombo bora cha kulichorea kuliko kigingi na kamba.

Pembe zilitujia pamoja na ubao na bati. Wamisionari wa Kimenoniti walipofika Shirati mwaka 1934, walijenga kwa namna ya kwao, yaani nyumba za pembe nne, na kila penye wamisionari palihitajika maseremala. Lakini huku kwetu lililogeuza mambo hasa ni vijiji. Mwaka 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kufikia mwisho wa 1976 kuishi vijijini litakuwa jambo la lazima. Watu wakahama, wakapimiwa viwanja kwa mistari. Mstari hupenda nyumba ya pembe nne.

Mimi pembe nilifundishwa chuo cha ualimu, katika kazi za mikono. Tangu mwaka 1967, siasa ya Elimu ya Kujitegemea ilitaka mwalimu ajue jembe na randa, si chaki peke yake. Mkufunzi alituonyesha kisanduku cha mbao tatu chenye nyufa zilizokatwa kwa nyuzi 45 na 90. Unaweka ubao ndani, unapitisha msumeno wa mkono katika ufa. Kazi yangu ya kwanza nilipoajiriwa ilikuwa fremu ya picha ya Rais kwa ajili ya ofisi ya shule. Kona zake tatu zilikutana vizuri. Ya nne iliacha mwanya wa kupita mbu, nami nikaujaza gundi iliyochanganywa na vumbi la mbao. Kila mkaguzi alipokuja nilisimama upande ule ule wa ukuta.

Kumbe kosa lile lina kanuni. Ukikosea nusu nyuzi tu katika kila ubao, fremu ya kona nne yenye mikato minane inakudai nyuzi nne mwishoni. Ndiyo sababu watu wa viwandani walihangaika. Mwaka 1922 Mmarekani Raymond DeWalt alitundika mota na diski ya msumeno kwenye mkono ulio juu ya meza, vikateleza kuufuata ubao. Mwaka 1964, mwaka wetu wa Muungano, kampuni ya Rockwell huko huko Marekani ilitoa msumeno wa mota unaoshuka kama panga na kugeuzwa kwa nyuzi. Wa kwanza ulikuwa na mwendo, wa pili ulikuwa na wepesi wa pembe. Katika miaka ya 1980 watengenezaji, wa Japani wakiwemo, waliviunganisha viwili hivyo, na hiyo ndiyo mashine aliyonionyesha mjukuu.

Je, reli ile ni ya lazima au ni madoido? Nilichukua kalamu. Diski ya inchi 10 isiyoteleza hukata ubao wa upana wa inchi tano na nusu hivi. Kwa mbao za 2 kwa 4 za kenchi inatosha kabisa, tena ni nyepesi kubeba na rahisi kwa bei. Lakini fisha bodi yangu ni ya inchi 8, na kwenye kona za paa la pande nne hulazwa ikakatwa kichwa cha msumeno kikiwa kimelala nyuzi 45. Hapo asiye na reli atakata nusu, ageuze ubao, aombe Mungu. Yenye reli hufika inchi 12. Basi fisha bodi ndiyo iliyoamua. Nilimsisitizia kijana mambo mawili tu: mashine iwe ya volti 230, maana ya Kimarekani ya volti 120 ikichomekwa kwenye umeme wa TANESCO itaungua, na wakati wa kukata, kichwa kivutwe kwako kwanza, kishushwe, ndipo kisukumwe mbele. Anayekata huku akikivuta atakiona kikipanda juu ya ubao na kumrukia.

Fundi wangu wa siku nyingi hakuafiki. Yeye amejenga nyumba kadhaa za kutegesha. Msomaji wa mbali huenda halijui neno hili. Tangu mgodi wa dhahabu wa North Mara uanze uzalishaji mwaka 2002, kila eneo linapodhaniwa kuwa litathaminiwa ili lilipwe fidia, nyumba huota usiku kama uyoga. Huko ndiko kutegesha. Nyumba hizo hazina haja ya kukaliwa, nami siwezi kuwacheka wenye kuzijenga. Mtu asiyejua atalala wapi mwaka ujao hana sababu ya kupiga randa.

"Mwalimu," fundi aliniambia, "mthamini haangalii pembe. Atahesabu vyumba na bati. Hiyo pesa weka benki."

Sikuwa na jibu la hesabu. Kama eneo letu litahitajika, mashine ile na fisha bodi zake mpya zitakuwa zimeliwa bure. Kwa siku nne sikumjibu mjukuu. Nilikaa barazani nikiiangalia kona ile ya mashariki, ambako mke wangu marehemu alikuwa akianika mtama.

Siku ya tano nilimpa pesa akaenda Mwanza. Fundi alikuja kuishuhudia, akashika ubao wa kwanza yeye mwenyewe. Mikato miwili ilipokutana alipitisha ukucha kwenye kiungo, akaupitisha tena, kisha akauliza kama mashine hiyo huazimwa.