Bastola ya Mzee wa Isaka

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Wiki hii nitawasimulia juu ya mali iliyobeba daftari lake mwilini, ila kwa miaka mingi hapakuwa na wa kulisoma.

Mwaka 2022, Serikali ilipotangaza muda wa kusalimisha kwa hiari silaha zinazomilikiwa kinyume cha sheria, nilikuwa Isaka, mkoani Shinyanga, nikifuatilia habari za mizigo ya bandari kavu. Mzee mmoja, mfanyakazi mstaafu wa reli, alimtuma kijana kuniita. Tulipomaliza kuamkiana aliniambia: "Mwanangu, nakwenda polisi kurudisha bastola ya marehemu baba. Nataka mtu wa redio awepo. Baba aliipokonya kwa ofisa wa Kijerumani mwaka 1916, na sitaki historia hiyo ipotee."

Tulikwenda pamoja. Kituoni, askari wa zamu aliifungua kutoka kwenye kitambaa, akahakikisha haina risasi, kisha akaturuhusu kuitazama mezani.

Ilikuwa rivolva ya zamani, ya aina ile inayovunjika katikati. Mtumiaji hubonyeza kitasa kilicho karibu na nyundo, mtutu ukainama mbele juu ya bawaba yake, na maganda yote ya risasi yakasukumwa nje kwa mara moja. Kampuni ya Smith & Wesson ya Marekani ilianza kuuza rivolva kubwa za namna hiyo mwaka 1870. Jeshi la Uingereza likachukua za Webley, kutoka mji wa Birmingham, mwaka 1887.

Hadithi ya mzee haikuwa ya ajabu hata kidogo. Mwaka 1916 vita vilipita huku huku kwetu. Majeshi ya Waingereza yalishuka kutoka Mwanza kupitia Shinyanga yakielekea Tabora, lakini Wabelgiji wakawatangulia na kuingia mjini humo tarehe 19 Septemba. Kijana wa sehemu hizi hakuhitaji kuvitafuta vita. Vilimfuata nyumbani kwao.

Na hata kama bastola ni ya Kiingereza, je, Mjerumani hawezi kuwa nayo? Anaweza. Waingereza waliposhindwa Tanga, Novemba 1914, waliacha bunduki kwa mamia na risasi kwa laki, na Wajerumani wakazitumia. Basi utaifa wa silaha peke yake hautoshi kumkanusha mtu. Lazima usome mihuri yote.

Kuna mambo manne ya kuangalia.

La kwanza, usidanganywe na jina kubwa. Zamani maofisa wa Kiingereza walijinunulia bastola wenyewe, na duka liliweza kugonga jina lake juu ya chuma kilichotengenezwa na kiwanda kingine. Viwanda vya Hispania na Ubelgiji navyo vilitoa rivolva za kuiga, vingine vikiandika kwamba hutumia risasi za Smith & Wesson, huku maneno ya Smith & Wesson yakiwa ndiyo makubwa kuliko yote. Msomaji wa haraka huondoka amedanganyika.

La pili, tafuta muhuri wa majaribio. Katika nchi hizo silaha ilipigishwa risasi ya nguvu kwanza, kisha ikagongwa alama kwamba imestahimili. Ukiona herufi ELG ndani ya duara refu kama yai, hiyo imepita Liège, Ubelgiji. Juu ya duara hilo pakiwa na taji, ni ya mwaka 1893 au baadaye. Silaha nyingi zilizoingia Afrika zilitoka mji huo.

La tatu, tafuta mshale. Mshale mpana mmoja ni alama ya mali ya Serikali ya Uingereza. Mishale miwili iliyoelekezeana ncha maana yake Serikali imeitoa kwenye utumishi na kuiuza. Kwa hiyo alama ndogo kuliko punje ya mtama yaweza kukuambia kama chuma kiliondoka ghalani kwa mlango wa mbele.

La nne ni aina na mwaka. Webley Mark VI, iliyobebwa sana katika vita vile, ilianza mwaka 1915, na risasi yake ni nene, inchi 0.455. Baadaye Waingereza waliona ni nzito mno, wakatengeneza nyingine inayofanana nayo, ya inchi 0.38, katika kiwanda cha Serikali cha Enfield. Hiyo ilikubaliwa jeshini mwaka 1932.

Askari alisogeza taa. Ubavuni tukaona taji. Chini yake, ENFIELD. Kisha No 2, Mk I. Na mwaka: 1936. Mshale ulikuwapo, mmoja tu.

Mzee alinyamaza kwa muda. Miaka yote alisoma namba za mabehewa na vibao vya viwanda kwenye injini, hivyo hakuhitaji kuelezwa. "Kwa hiyo," aliuliza, "baba alikuwa mwongo?"

Ndugu wasikilizaji, swali hilo lilinichoma. Nami nilimwuliza langu: "Mwaka 1916, mzee, baba alikuwa akifanya nini hasa?"

Alijibu kwa sauti ya chini, kama mtu anayetaja aibu. "Alibeba mizigo. Masanduku ya risasi. Alikwenda na mdogo wake, akarudi peke yake."

Hapo nikaona kwamba bastola ilikuwa imeificha historia badala ya kuihifadhi. Upande wa Waingereza peke yao waliandikishwa wapagazi wapatao milioni moja, na kwa hesabu rasmi zaidi ya 95,000 walikufa, wengi wao kwa maradhi na njaa. Wengine walichukuliwa kwa nguvu. Pale Dar es Salaam tuna Sanamu ya Askari, iliyowekwa mwaka 1927: mtu mmoja, bunduki na singe mkononi. Aliyesimamishwa juu ni askari, si mpagazi. Haishangazi, basi, kwamba baba aliyebeba masanduku, au watoto waliomsikiliza, waliona hadithi yake haikamiliki bila bastola.

Ilifikaje nyumbani mwao? Mzee alikumbuka kwamba baba yake mdogo mwingine alikuwa Keya katika vita vya 1939 hadi 1945. Labda huyo, labda siye. Muhuri hutaja kiwanda na mwaka. Hautaji mikono iliyopita juu yake. Kosa letu ni kuutaka useme zaidi ya ulichopewa kusema, au kukataa kile kilichoandikwa waziwazi.

Askari alifungua daftari lake akauliza silaha ilipatikanaje. Mzee alisema, "Andika sijui." Kisha akanigeukia: "Lakini wewe andika kwamba baba alikuwa mpagazi."

Nimeandika, na leo nimesoma.

Nanyi mlio na wazee, msingoje msiba ndipo mfungue masanduku. Chuma cha namna hii si cha kuwekwa uvunguni kama kumbukumbu. Bila kibali ni kosa, na risasi ya zamani haina urafiki na mtoto mchezaji. Kipelekeni kwa wanaohusika. Ila kabla hakijaondoka, someni kilichogongwa juu yake, kisha mkae na mzee mmwulize alikuwa wapi na alibeba nini. Jibu lake halikugongwa popote, na akiondoka nalo hakuna kiwanda kitakachotutengenezea jingine.